Maandishi Yanayosomeka Ukiwa Unatembea: Mwongozo Kamili wa Kioo cha Mkononi Kinachofuata Mwendo wa Mvaaji

Wanaotengeneza kioo cha kuvaa mkononi, yaani skrini ndogo kama ya saa yenye kihisi cha mwendo, hunijia na hadithi moja. Kioo kimewaka, kihisi kinatoa namba, mezani kila kitu shwari. Wakikifunga mkononi na kupiga hatua kumi, maandishi yanakuwa ukungu. Wanarudi kwenye programu, wanajaribu kusogeza maandishi upande wa pili wa mtikisiko ili yabaki palepale mbele ya jicho, na hapo wiki mbili zinaondoka.

Nakuomba uiache njia hiyo leo. Kihisi kinapima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, hakipimi umbali. Kuupata umbali inabidi ujumlishe mara mbili, na kila ukijumlisha kosa linakua. Kosa la 0.02 g (1 g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), ambalo kwa vihisi vya bei nafuu si la ajabu, baada ya sekunde moja limeshakuwa karibu sentimita 10. Kioo chenyewe kina kimo cha sentimita 1 na kidogo. Utakuwa umeyatupa maandishi nje ya kioo kabla hujamaliza hatua ya pili.

Jicho nalo lina ufundi wake. Kichwa kikitikisika, ubongo unayasogeza macho upande wa pili papo hapo, ndiyo maana unaweza kusoma bango la dukani huku unatembea. Ila ufundi huo unafuata kichwa tu. Mkono una mtikisiko wake, na jicho halina habari nao.

Kwa hiyo kazi yetu ni kutambua mvaaji yuko katika hali gani, amesimama, anatembea au anakimbia, kisha kumwonyesha kile ambacho jicho lake linakiweza katika hali hiyo.

## Vifaa

- Bodi ya XIAO ESP32C3. Ni ndogo, takriban milimita 21 kwa 17.5, na ina saketi ya kuchaji betri juu yake.
- Kioo cha OLED cha inchi 0.96, nukta 128 kwa 64, chenye chipu ya SSD1306 inayokiendesha na pini nne za I2C (mawasiliano ya nyaya mbili, SDA na SCL).
- Kihisi mwendo MPU-6050 kwenye bodi ndogo ya GY-521.
- Betri ya LiPo ya volti 3.7, mAh 400 hivi, yenye saketi ya ulinzi. Usinunue isiyo nayo, hii inakaa juu ya ngozi ya mtu.
- Nyaya laini za nyuzinyuzi, pasi ya kulehemu na risasi.
- Gundi ya pande mbili, kipande cha plastiki ngumu, lastiki ya upana wa sentimita 3 au 4, na velkro.
- Kompyuta yenye Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupakia programu kwenye bodi), pamoja na maktaba za Adafruit_GFX na Adafruit_SSD1306.
- Kebo ya USB-C inayopitisha data. Kebo nyingi za mitaani zinachaji tu, na bodi haitaonekana kwenye kompyuta hata ukeshe.
- Tepu ya kupimia, na mtu wa pili. Bila mtu wa pili, hatua ya mwisho haifanyiki.

Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi) vingi kati ya hivi utavipata. Bodi ya XIAO wakati mwingine inabidi uiagize.

## Hatua ya 1: Unganisha ukiwa mezani, bila betri

Kioo na kihisi vinatumia nyaya mbili zilezile za mawasiliano. SDA zote ziende D4, SCL zote ziende D5, VCC zote kwenye 3V3, na GND kwenye GND.

Anwani ya kihisi ni 0x68, ya kioo ni 0x3C. Hapa pana mtego unaowakamata wengi: nyuma ya vioo vingi pameandikwa 0x78. Ni anwani ileile, imeandikwa kwa mtindo wa kuhesabu na biti ya kusoma au kuandika. Kwenye programu weka 0x3C.

Umefaulu ukiona: programu ya kutafuta anwani za I2C inakuletea mbili hizo, zote kwa pamoja. Ikija moja tu, usiendelee. Kagua waya wa upande usioonekana.

## Hatua ya 2: Kiamshe kihisi

MPU-6050 ikipata umeme inaanza ikiwa imelala. Usipoiamsha itakupa sifuri tupu, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Andika thamani hizi tatu kwenye rejista zake (vyumba vya mipangilio ndani ya kihisi) mwanzoni mwa programu:

- Rejista 0x6B: andika 0x00, kihisi kinaamka.
- Rejista 0x1C: andika 0x10, kipimo kinakuwa hadi 8 g. Kipimo cha kawaida cha 2 g ni kidogo, mkono wa mkimbiaji unakipita kirahisi na namba zinakatwa juu.
- Rejista 0x1A: andika 0x04, kihisi chenyewe kinachuja mitetemo ya kasi inayozidi takriban Hz 21 (mara 21 kwa sekunde).

Sasa soma mchapuko wa pande tatu mara 50 kwa sekunde, kuanzia rejista 0x3B. Mtu akitembea anapiga kama hatua 2 kwa sekunde, akikimbia zinakaribia 3, kwa hiyo mara 50 zinatosha kabisa.

Umefaulu ukiona: kihisi kikilala chali mezani, upande wa Z unasoma karibu 4096, ambayo ndiyo 1 g, na pande nyingine mbili ziko karibu na sifuri. Kipindue kifudifudi, Z iwe karibu -4096.

## Hatua ya 3: Kifunge kiwe kitu kimoja

Hatua hii watu wanaidharau, na nusu ya kazi zilizonifikia ziliharibikia hapa. Kihisi kinaning'inia kwenye nyaya zake kama kengele ya mbuzi, halafu mwenyewe anashangaa kwa nini namba zinaruka. Kihisi cha namna hiyo kinapima kuning'inia kwake. Mkono hakijaupima.

Bandika kioo na kihisi kwenye kipande kimoja cha plastiki ngumu, kwa gundi ya pande mbili, Z ya kihisi ikielekea upande uleule ambao kioo kinaangalia. Nyaya zilehemu, usitumie zile za kuchomeka. Kisha shona plastiki hiyo juu ya lastiki.

Ukikivaa, lastiki ibane kiasi kwamba kidole kimoja kinapita chini yake kwa shida. Ikilegea, kioo kinapata mchezo wake juu ya ngozi, nao unaongezeka juu ya mtikisiko wa mkono.

Jasho nalo lifikirie mapema. Funika migongo ya bodi kwa utepe wa umeme au mpira wa kusinyaa kwa joto. Chumvi ya jasho ikifika kwenye pini za SDA na SCL, kioo kinaganda katikati ya safari na hutajua sababu.

Umefaulu ukiona: unagonga kioo kwa ukucha na hakuna kinachocheza peke yake.

## Hatua ya 4: Rekodi mkono wako, mara mbili

Ukiamua kusoma hatua moja tu ya mwongozo huu kwa makini, isome hii.

Watu wengi wanarekodi mwendo huku mkono ukining'inia na kupepea kama kawaida ya kutembea. Wanapata namba kubwa, wanaweka vizingiti (namba za mpaka kati ya hali na hali) kwa namba hizo, kisha wanalalamika kwamba chombo hakitambui kuwa wanatembea. Sababu ni hii: mtu akitaka kusoma, ananyanyua mkono. Mkono ulionyanyuliwa mbele ya kifua haupepei tena. Mtikisiko wake unashuka sana, ingawa mwenyewe bado anatembea na bado hawezi kusoma herufi ndogo.

Kwa hiyo utarekodi katika mikao miwili. Kwanza andika programu ya kupata mtikisiko wa kila fungu la vipimo 50, yaani sekunde moja:

```
float m = sqrt(ax*ax + ay*ay + az*az) / 4096.0;
jumla += m;
jumlaMraba += m * m;
n++;
if (n == 50) {
  float w = jumla / 50;
  mtikisiko = sqrt(fmax(0.0, jumlaMraba / 50 - w * w));
  jumla = 0; jumlaMraba = 0; n = 0;
}
```

Tunachukua ukubwa wa pande zote tatu kwa pamoja ili mkono ukigeuka, jibu lisibadilike. Hizo ax, ay na az zitangaze kuwa float (namba za desimali). Ukiziacha namba kamili, mtikisiko mkali unaweza kufurika kwenye kujumlisha miraba na ukapata upuuzi. Na ile fmax usiifute: mkono ukitulia kabisa, makosa madogo ya desimali yanaweza kuleta namba hasi ndani ya kipeuo cha pili (sqrt).

Sasa fanya safari sita, kila moja dakika moja: kusimama, kutembea na kukimbia mkono ukiwa chini, halafu vilevile mkono ukiwa umenyanyuliwa kana kwamba unasoma. Kwa kuwa betri bado haijawekwa, chombo kipate umeme kwa kebo ya USB-C kutoka kwenye benki ya umeme (power bank) ya mfukoni. Zihifadhi namba kwenye kumbukumbu ya bodi, kisha zitoe kwenye kompyuta ukirudi.

Kwenye mkono wangu, mkono ukiwa umenyanyuliwa, kusimama kulitoa 0.01 hadi 0.02, kutembea 0.08 hadi 0.15, na kukimbia kulianzia 0.3. Mkono ukiwa chini, kutembea peke yake kulifika 0.35. Angalia hiyo ya mwisho: kutembea kwa mkono wa chini kunazidi mwanzo wa kukimbia kwa mkono wa juu. Jedwali moja la vizingiti haliwezi kubeba yote mawili.

Za kwako zitatofautiana na zangu, usizinakili. Mtu mzito, mtu mwenye haraka, aliyevaa kandambili na aliyevaa raba, kila mmoja ana namba zake.

Umefaulu ukiona: ndani ya kila mkao, makundi matatu ya namba yameachana. Yakigongana, rudi Hatua ya 3, kuna kitu kinacheza.

## Hatua ya 5: Weka vizingiti viwili kwa kila mpaka

Ukiweka kizingiti kimoja kati ya kusimama na kutembea, kuna wakati mtikisiko utaelea palepale juu yake na kioo kitabadilika kila sekunde. Hakuna kinachochosha jicho kama maandishi yanayokua na kusinyaa.

Dawa yake ni kizingiti cha kuingia na kingine cha kutoka. Kwa namba zangu za mkono wa juu: nikizidi 0.06 naingia kutembea, na sitoki mpaka nishuke chini ya 0.035. Kukimbia naingia kwa 0.25, natoka kwa 0.18. Tengeneza jedwali la pili, la mkono wa chini, kwa njia hiyohiyo.

Muda nao usiwe sawa kwa pande zote mbili. Kwenda kwenye herufi kubwa, fungu moja linatosha. Kurudi kwenye ndogo, subiri mafungu matatu yakubaliane. Aliyeanza kutembea anahitaji msaada sasa hivi, na aliyesimama kupisha bajaji ataendelea na safari baada ya sekunde mbili.

Umefaulu ukiona: umetembea dakika tano ukisimama mara moja moja, na kioo hakijabadilika bila sababu hata mara moja.

## Hatua ya 6: Tambua mkono uliopandishwa

Tenga mvutano wa dunia na mtikisiko kwa chujio rahisi, kila kipimo kipya kikichangia sehemu moja ya kumi:

```
zTulivu = 0.9 * zTulivu + 0.1 * (az / 4096.0);
```

Mkono ukining'inia, zTulivu iko karibu na sifuri. Ukiupandisha kioo kikakuangalia, inapanda kuelekea 1. Chukua kwamba mkono umepanda zTulivu ikizidi 0.6 kwa milisekunde 300 mfululizo. Ukipunguza muda huo, kioo kitawaka kila ukijikuna.

Kuna mambo mawili ya kuunganisha hapa. Mkono ukiwa chini tumia jedwali la chini, na mkono ukipanda anza na hali uliyokuwa nayo, kisha jedwali la juu lichukue usukani. Na lile fungu ambalo ndani yake mkono ulikuwa unapanda, litupe. Kunyanyua mkono kwenyewe ni mchapuko mkubwa, usipolitupa fungu hilo kioo kitamwona mkimbiaji kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Umefaulu ukiona: unaketi, unanyanyua mkono mara ishirini, na mara zote ishirini unapata sura ya mtu aliyetulia.

## Hatua ya 7: Chora sura tatu

Kwenye kioo hiki nukta moja ina karibu milimita 0.17. Herufi ya kawaida ya Adafruit_GFX ina kimo cha nukta 7, yaani kama milimita 1.2. Ukisimama unaisoma. Ukitembea, mtikisiko wa mkono ni mkubwa kuliko herufi nzima.

Ametulia. Mistari minne au mitano: saa, hatua, chaji, ujumbe. Ukubwa 1 (herufi ya kawaida) na 2 (mara mbili yake).

Anatembea. Kitu kimoja tu. Ukubwa 4 unakupa herufi za milimita 4.8 hivi, na "10:42" inachukua nukta 120 kati ya 128. Inaingia bila kubakiza nafasi ya pambo lolote, na iwe hivyo.

Anakimbia. Tarakimu nne kwa ukubwa 5. Kama ni muda, toa nukta mbili za katikati na uonyeshe dakika peke yake. Mkimbiaji anaangalia kwa nusu sekunde, hana nafasi ya kutafsiri.

Namba ikae mahali palepale katika sura zote mbili za mwendo, ili jicho lijue pa kwenda. Usitumie maandishi yanayopita kutoka kulia kwenda kushoto, wala sura inayofifia taratibu kuipisha nyingine. Badilisha mara moja. Fonti iwe nene: mistari membamba inapotea kwanza, hasa jua la saa sita mchana ambapo kioo cha aina hii tayari kinahangaika.

Kama kuna tahadhari ambayo mvaaji lazima aipate akiwa anakimbia, ongeza mota ndogo ya mtetemo. Iendeshe kupitia transista, usiiunganishe moja kwa moja kwenye pini ya bodi.

## Hatua ya 8: Usiruhusu uchoraji ule muda wa kupima

Kosa hili halionekani kwa macho. Kuchora kioo kizima ni kupeleka baiti 1024 kupitia nyaya zilezile ambazo kihisi kinazitumia. Kwa kasi ya kHz 400, kazi hiyo inachukua milisekunde 25 hivi. Kwa kHz 100 inakaribia 100. Wewe unataka kipimo kila baada ya milisekunde 20. Ukichora kila mzunguko, vipimo vyako 50 kwa sekunde vinakuwa 25 au chini ya hapo, fungu la sekunde moja linakuwa la sekunde mbili au zaidi, na vizingiti vyote ulivyohangaika navyo havina maana tena.

Chora pale tu namba au sura imebadilika, na kamwe isizidi mara mbili kwa sekunde. Kukosa kipimo kimoja au viwili kati ya 50 hakudhuru.

Umefaulu ukiona: umehesabu vipimo kwa dakika nzima kioo kikiwa kinafanya kazi, na umepata 2,850 au zaidi kati ya 3,000.

## Hatua ya 9: Sasa weka betri

Betri inalehemiwa nyuma ya bodi, kwenye alama za chanya na hasi. Pima kwa mita kabla ya kulehemu, hata kama waya mwekundu uko upande unaoutarajia. Nimeshaona betri mpya ambazo rangi zake zimegeuzwa, na bodi ikishapokea umeme kinyume haiponi. Lehemu waya mmoja, ufunike, ndipo uguse wa pili. Usiache nyaya zote mbili za betri zikiwa uchi kwa wakati mmoja.

Zima Wi-Fi kama huitumii, na uzime kioo mkono ukishuka. OLED inakula umeme kwa kadiri ya nukta zinazowaka, hivyo kioo kilichozimwa kinakuongezea saa nyingi. Betri ikivimba au ikipata joto ukichaji, iondoe na usiirudishe mkononi kwa mtu.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa mtu wa pili

Pima mita 20 kwenye uwanja au korido pana, mbali na barabara. Usijaribu ukiwa juu ya pikipiki au baiskeli.

Weka programu ionyeshe namba mpya ya bahati nasibu kila mkono ukipanda. Mvaaji atembee mita 20 bila kusoma, mwenzake apime muda. Kisha arudie akisoma namba kwa sauti mara nne njiani, mwenzake aandike. Linganisha namba zilizosomwa na zile bodi ilizohifadhi, halafu linganisha muda.

Muda ndio unaosema ukweli. Mtu anayeshindwa kusoma hapunguzi usahihi, anapunguza mwendo. Miguu inafupisha hatua, kichwa kinainama, mkono mwingine unakuja kushika ule wenye kioo, na mwenyewe atakuapia kwamba alitembea kama kawaida. Mwangalie huo mkono wa pili. Ukija kushika, herufi bado ni ndogo.

Umefaulu ukiona: namba zote nne sahihi, mikono haikukutana, na tofauti ya muda haizidi sekunde moja.

## Ukimvika mtu mwingine

Rudia Hatua ya 4 kwa kila mvaaji, usimpe vizingiti vyako. Weka programu ya kurekodi kwenye kitufe kimoja ili zoezi lisimwogopeshe.

Mzee mmoja jirani yangu aliniomba chombo hiki kimkumbushe dawa. Ana mtetemeko wa mkono wa ugonjwa wa Parkinson, ambao mkono ukitulia unapiga mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Kwa vizingiti vya kawaida, chombo kilimhesabu kuwa anatembea hata akiwa ameegemea ukuta barazani, na mwanzoni nilianza kutafuta chujio la kuutoa mtetemeko huo. Nikakaa naye nikamwangalia akijaribu kusoma ile sura ya mistari minne. Hakuiweza. Mkono wake ulikuwa unatikisika kweli, na chombo kilikuwa kimempa herufi alizozihitaji.

Nikaacha vizingiti vilivyo, nikaondoa sura ya kutulia, nikamwekea kitufe cha upande wa kidole gumba: kila akibonyeza kinaleta kitu kinachofuata, kimoja kimoja, kwa ukubwa 4. Saa. Jina la dawa. Vidonge vingapi.